Mabati, Mbegu na Ulimi Wetu



Stakabadhi nyingi za malipo, zile ambazo wengi wetu twaziita fakitire, zinazotolewa katika maduka ya vifaa vya nyumba mjini Bukavu, huwa na mstari mmoja mdogo chini kabisa, kwa Kifaransa, usemao kwamba bidhaa iliyokwisha kuuzwa hairudishwi wala haibadilishwi. Mahali pengine mstari huo umebandikwa ukutani, juu ya kichwa cha mwenye duka, kwa herufi kubwa. Tumeuzoea kiasi kwamba hatuusomi tena. Mtu akinunua bati, kufuli, rangi, waya wa umeme au pakiti ya mbegu, anajua kwamba mara tu atakapovuka mlango, hasara yoyote itakayotokea ni yake.

Katika ukurasa huu napenda tutafakari juu ya yale yanayotupata tunaponunua vitu vya nyumba na vya bustani, yaliyo mema na yaliyo mabaya, na zaidi ya yote juu ya kimya kinachofuata. Kwa maana sisi ni watu wa kusema. Tunasema juu ya bei ya dola, juu ya barabara, juu ya ndoa za watu, juu ya kwaya iliyokosea wimbo. Lakini yule aliyenunua bati likatoboka katika mwaka wa tatu hasemi alilinunua wapi. Na yule aliyempata muuzaji wa mbegu asiyedanganya, mara nyingi naye hasemi. Kila nyumba inajifunza peke yake, kwa fedha yake yenyewe, somo ambalo nyumba ya jirani ilikwisha kulilipia mwaka jana.

Nianze na bati, kwa kuwa katika maisha ya familia zetu nyingi ni vichache vinavyonunuliwa kwa jasho kama hilo. Kiwanja huweza kurithiwa, mbao huweza kuombwa kwa mjomba kijijini, udongo upo. Bati lazima linunuliwe. Watu huweka akiba ya miaka katika likelemba ili wafike siku hiyo. Sasa, bati huuzwa kwa namba: 28, 30, 32, na hata 34. Wengi wetu, tuliosoma katika shule ambamo alama kubwa ni sifa kubwa, hudhani kwamba 32 inaishinda 28. Ni kinyume chake. Kadiri namba inavyopanda, ndivyo bati linavyokuwa jembamba. Bati la namba 28 huwa na unene wa karibu milimita 0.4, la namba 32 ni karibu milimita 0.25. Muuzaji akimwambia mnunuzi kwamba 32 ni “namba ya juu”, hajatamka neno la uongo, na hata hivyo amemdanganya. Na mara nyingine namba iliyopigwa kwenye bati si ya kweli. Hapo dawa ni mizani. Mabati mawili yenye urefu na upana uleule yakipimwa, lililo zito ndilo lenye chuma zaidi. Ni duka gani la vifaa lisilo na mizani ya misumari?

Mama mmoja mjane ninayemfahamu aliezeka nyumba yake kwa bati la namna hiyo jembamba, akiamini kwamba amenunua lililo bora. Kutu ilianzia kwenye matundu ya misumari, ikaenea kwenye maungio, na kufikia mvua za mwaka wa tatu akawa anapanga mabeseni chini ya dari. Kilichoniumiza zaidi ya mabeseni ni jambo jingine. Katika mwaka wa pili, wakati kutu ilikuwa imekwisha kuonekana, familia mbili za mtaa wake zilikwenda kununua bati lilelile katika duka lilelile, nazo zilipita mlangoni pake zikiwa zimelibeba. Nilimwuliza sababu ya kunyamaza. “Mimi niliacha kusema watu,” alinijibu, na alijibu kwa unyofu kabisa, kama mtu anayeeleza kwamba aliacha pombe.

Jibu hilo halistahili kuchekwa. Tumehubiriwa kwa miaka mingi, na kwa haki, juu ya ubaya wa kusengenya, na katika mitaa yetu tunajua jinsi neno moja linavyoweza kuvunja ndoa au kumpa mzee wa watu jina la mchawi. Anayejizuia kumsema mwenzake vibaya anafanya jambo jema. Lakini Kanisa halikutufundisha kwamba kila ukweli usiopendeza ni masengenyo. Katekisimu, inapozungumzia kosa la kufichua makosa ya mtu, hulihesabu kuwa kosa pale ambapo hakuna sababu ya haki ya kuyafichua. Na Katekisimu hiyohiyo, katika mafundisho ya amri ya saba, namba 2409, inauweka udanganyifu wa biashara kati ya matendo yanayovunja amri hiyo, hata pale ambapo sheria ya nchi haikuvunjwa. Tukiyasoma mafundisho hayo mawili pamoja, dhamiri inaweza kutulia. Fedha ya jirani iliyokusanywa kwa miaka minne ni sababu ya haki. Kumwonya kabla hajaitoa si kumsengenya aliyeuza.

Hata hivyo onyo lina adabu zake, na bila adabu hizo mjane yule alikuwa na haki ya kunyamaza. Mtu aseme alichokiona kwa macho yake, si alichosikia kwa shemeji ya rafiki yake. Aseme kitu, mahali na muda: bati la namba fulani, la duka fulani, lilianza kutoboka baada ya miaka mitatu. Asiseme kabila. Hili nalisisitiza, kwa sababu tunalo jeraha. Mara ngapi tumesikia mtu aliyepunjwa kwenye kilo moja ya misumari akimalizia hadithi yake kwa kusema kwamba watu wa mahali fulani ndivyo walivyo? Maneno hayo hayamsaidii msikilizaji kuchagua bati lolote, na katika mkoa huu yametugharimu zaidi ya fedha.

Tena, aliyeumia arudi kwanza kwa aliyemwuzia. Wanaoisoma Injili ya Mathayo wanajua utaratibu wa sura ya 18: kwanza wawili peke yao, kisha pamoja na mmoja au wawili zaidi, ndipo mbele ya jumuiya. Sisi huanza na hatua ya tatu au hatuanzi kabisa. Nimeshuhudia hatua ya kwanza ikitosha. Kijana mmoja alinunua kitasa cha mlango, ufunguo ukakatikia ndani siku ya nne. Alirudi dukani asubuhi, kabla wateja hawajajaa, akiwa na kitasa na stakabadhi yake, akaeleza kwa upole. Mwenye duka alikunja uso, akaonyesha ule mstari. Kijana hakuondoka wala hakupaza sauti. Aliomba tu vitasa vingine vya katoni ileile vifunguliwe mbele yake. Viwili vilikuwa vibovu. Mwenye duka alimpa kitasa cha namna nyingine, na katoni nzima ikarudishwa kwa aliyemwuzia kwa jumla. Muuzaji yule naye alikuwa amenunua bila kujua, na kama kijana angekaa kimya, watu wengine ishirini wangekuwa wamefungiwa nje ya nyumba zao.

Hapa inafaa tuutazame upya ule mstari. Wengi huuchukua kama sheria ya nchi. Sheria ya mikataba tunayoitumia nchini Kongo hadi leo, iliyotokana na dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, inasema jambo jingine. Muuzaji anawajibika kwa kasoro iliyojificha inayokifanya kitu kisifae kwa kazi yake. Mnunuzi anaweza kukirudisha na kupewa fedha yake, au kubaki nacho na kurudishiwa sehemu ya bei. Muuzaji ambaye kwa kweli hakuijua kasoro anaweza kujikinga kwa kupatana na mnunuzi tangu mwanzo kwamba hatatoa dhamana. Lakini aliyeijua akanyamaza hana kinga hiyo. Juu ya bei anadaiwa pia kufidia hasara iliyotokea. Upande wa mnunuzi, sheria haimhurumii aliyeletewa kitu chenye kasoro ya wazi akakichukua bila kukitazama, wala anayelalamika baada ya muda mrefu kupita. Kwa hiyo kukagua dukani, kuomba stakabadhi na kurudi mapema ni mambo yenye uzito mbele ya hakimu pia, ingawa najua vizuri kwamba hakuna mtu atakayekwenda mahakamani kwa ajili ya kitasa. Faida ya kuijua sheria hiyo ni ndogo zaidi na ya karibu zaidi: mtu anasimama mbele ya kaunta akijua kwamba hajaja kuomba sadaka.

Juu ya serikali nitasema machache. Ofisi ya Kongo ya Ukaguzi, OCC, ipo tangu 1974, na kazi yake ni kukagua ubora na kiasi cha bidhaa, hasa zile ziingiazo nchini. Kazi hiyo ikifanyika vizuri mpakani, mjane hahitaji mizani. Lakini hakuna ofisi duniani inayoweza kufungua kila katoni.

Nimesema kwamba mema pia tunayanyamazia, na kwa maoni yangu kimya hiki cha pili kina madhara kuliko cha kwanza. Chukueni simenti. Mfuko una kilo 50, na juu yake pameandikwa 32.5 au 42.5. Namba hii, tofauti na ile ya bati, ikiwa kubwa nguvu nayo ni kubwa. Hupima nguvu ambayo simenti inapaswa kuwa imeipata siku 28 baada ya kuchanganywa na maji. (Nani aliamua kwamba bati na simenti vihesabiwe kinyume? Bila shaka hakuwa mnunuzi.) Lakini hakuna namba inayoonyesha mfuko umekaa depo muda gani. Simenti hunywa unyevu wa hewa, ikaanza kuganda ndani ya karatasi yake na kupoteza nguvu, na mji wetu uko kando ya ziwa, chini ya mvua tangu Septemba hadi Mei. Yupo muuzaji mmoja ambaye huweka mifuko yake juu ya mbao, mbali na ukuta, na huuza kwanza iliyoingia kwanza. Mteja akija, huibonyeza mifuko kwa kiganja mbele yake. Ule wenye mabonge yasiyovunjika kwa vidole huutenga, na akiuuza huuuza kwa bei ya chini, akimwambia mteja wazi: hii ni ya kusawazisha ua, usiiweke kwenye nguzo.

Mtu wa namna hii angepaswa kujulikana mji mzima. Hajulikani. Bei yake inapita ya wengine kwa kiasi kidogo, na mafundi wengi, ambao ndio wanaotuongoza tunaponunua, wana fungu lao katika maduka mengine. Sisemi hivyo ili kuwachafua mafundi wote. Wapo wanaokataa fungu hilo na kulala na njaa. Nasema kwamba mteja anayeongozwa na fundi wake peke yake hajui ni nani anayemlipa kiongozi wake. Na kama wateja wa yule muuzaji wa simenti hawamtaji, atafanya hesabu. Atajiuliza faida gani anapata kwa kutenga mifuko. Muuzaji mwaminifu asiyesifiwa hushindana na mdanganyifu huku mkono wake mmoja umefungwa mgongoni, na sisi ndio tulioufunga.

Maana tuseme pia ukweli juu yetu wanunuzi. Mwenye duka mmoja la vifaa alinieleza jinsi alivyoleta bati nene la namba 28, likakaa depo karibu mwaka mzima, huku la 32 likiisha kwa majuma machache. “Hawaulizi unene,” alisema, “wanaulizia bei, na baada ya bei wanaomba kupunguziwa.” Bidhaa hafifu haikupanda lori kwa hiari yake kutoka Mombasa au Dar es Salaam hadi kwetu. Iliagizwa, kwa sababu sisi tuliinunua jana. Ni kweli kwamba mwenye fedha ya bati jembamba tu, na watoto wake wananyeshewa leo, hawezi kuambiwa asubiri miaka miwili mingine. Huyo simhubirii methali ya rahisi na ghali, anaijua kuliko mimi. Lakini huyo naye anastahili kujua anachokinunua. Akiambiwa kwamba bati hili ni la miaka michache, atapanga akiba yake hivyo, atalipaka rangi mapema, ataanza kuezeka upande wanakolala watoto. Kinachomwangamiza ni kulipa bei ya kitu cha kudumu kwa kitu kisichodumu.

Vivyo hivyo kwa vipimo vya soko. Tunanunua maharagwe ya kupanda kwa guigoz, ule mkebe wa maziwa ya unga, na kila mtu anajua kwamba ipo mikebe ambayo kitako chake kimegongwa nyundo kikaingia ndani. Nabii Amosi aliwakemea wapunguza vipimo karne nyingi kabla ya Kristu, kwa hiyo ufundi huu si wa kwetu wala si mpya. Mnunuzi ageuze mkebe autazame chini. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Yako mambo mawili mengine ya nyumba ambayo sitayakawiza, ila yanagusa uhai. Waya wa umeme unaouzwa kama shaba mara nyingine ni aluminiamu iliyopakwa shaba kwa nje, tena mwembamba kuliko namba iliyoandikwa juu yake. Waya wa namna hiyo hupata joto haraka, na katika mji wa vilima ambako nyumba za mbao zimesongamana kama Kadutu, waya wa nyumba moja ni jambo la nyumba hamsini. Kwaruza ncha yake kwa kisu: ikiwa ndani ni nyeupe, si shaba tupu. Kuhusu paneli za jua, hesabu ya shule ya msingi inatosha. Jua kali la adhuhuri huleta karibu wati 1,000 kwa kila meta mraba, na paneli nzuri hugeuza karibu sehemu moja ya tano kuwa umeme. Paneli ya wati 100 kwa hiyo inahitaji karibu nusu meta mraba. Ile yenye sentimita 40 kwa 30, ambayo ni meta mraba 0.12, haiwezi kuzidi wati 25 hata kama imeandikwa 100 kwa dhahabu. Katika jambo hili sihitaji kumshuku mtu, nahitaji rula.

Sasa nifike bustanini, ambako hasara ina sura nyingine. Bati likiharibika, tunapoteza bei ya bati. Mbegu isipoota, bei ya pakiti ni sehemu ndogo kabisa ya tulichopoteza. Kwetu Kivu ya Kusini msimu A huanza na mvua za Septemba, na msimu B hufuata kuanzia Februari. Mwenye bustani aliyemwaga mbegu ya vitunguu kitaluni, akasubiri majuma mawili, akaona miche michache ya hapa na pale, amekwisha kupoteza samadi, kazi ya mikono na siku zake za mvua. Akitafuta mbegu nyingine, msimu umemtangulia. Karo ya shule ya muhula wa pili ilikuwa ndani ya kitalu kile.

Vitunguu vina tatizo lao la pekee, na si wauzaji wote wanaolijua. Mbegu yake huzeeka haraka kuliko ya mboga nyingi. Katika joto na unyevu hupoteza nguvu ndani ya mwaka mmoja au miwili, wakati mbegu ya lengalenga au ya kabeji inaweza kuvumilia zaidi. Kopo lililofunguliwa na kuuzwa kwa vijiko, juani, mwezi baada ya mwezi, linakufa taratibu mbele ya macho yetu. Muuzaji hakuua kwa makusudi. Lakini anajua alilifungua lini, na swali hilo hatumwulizi.

Mama mmoja anayeuza mbegu soko la Kadutu amepata jibu lake mwenyewe, nami namwona kuwa mwalimu wa soko zima. Kando ya makopo yake huweka sahani yenye kitambaa kibichi, na juu yake mbegu ishirini alizozihesabu kutoka kila kopo jipya. Anayekuja kununua huhesabu mwenyewe zilizochipuka. Zikiwa kumi na sita au zaidi, mama huuza kwa bei kamili. Zikiwa kumi, husema ni kumi, na humshauri mteja apande nene zaidi. Nimemwuliza kama haogopi kupoteza wateja. Alicheka, akasema wanaondoka siku moja, wanarudi msimu unaofuata wakiwa na dada zao.

Si kila malalamiko ya bustani, hata hivyo, ni hatia ya muuzaji. Watu hununua mbegu ya chotara ya nyanya au ya kabeji, wanavuna vizuri ajabu, wanahifadhi mbegu za mavuno yao kama mababu walivyohifadhi za maharagwe, na mwaka unaofuata wanapata matunda ya kila umbo na kila ukubwa. Wanasema wamelogwa au wamedanganywa. Mbegu ya chotara haizai mfano wake. Ndivyo ilivyo kwa asili yake. Muuzaji alipaswa kueleza, naam, na kueleza huko ni sehemu ya bidhaa. Kwa mazao makuu tunayo njia nyingine: kuna mbegu zilizothibitishwa na SENASEM, idara ya taifa ya mbegu, na kuna watafiti wa INERA pale Mulungu, ambao kituo chao kiko mwendo mfupi kutoka mjini.

Ununuzi wa bustani ninaouhofia kuliko wote ni ule usioonekana kuwa ununuzi: machipukizi ya migomba yanayouzwa kando ya barabara kwa franka chache, au kupewa bure kama zawadi ya ukwe. Mnyauko wa migomba uletwao na bakteria ulionekana Masisi, Kivu ya Kaskazini, mwaka 2001, na tangu hapo umeshuka nasi hadi huku, ukisafirishwa na wadudu, na visu na panga zetu, na machipukizi tuliyouziana. Chipukizi laweza kuonekana zima na kubeba ugonjwa ndani. Hapa stakabadhi haipo, duka halipo, na aliyeuza huenda ni binamu. Ndiyo maana hapa ulimi wa jirani ndio ukaguzi pekee uliopo. Mwenye shamba ambaye ndizi zake zinaiva kabla ya wakati, na mgomba wake ukikatwa unatoa usaha wa manjano, akinyamaza kwa aibu na kuendelea kugawa machipukizi, anaharibu kilima kizima kwa ukarimu wake.

Yale mema nayo yasemwe kwa majina. Majembe ya wahunzi wetu, yanayofuliwa kwa chuma cha springi za magari makuukuu, hayana rangi nzuri kama yale yanayong'aa madukani, lakini mengi kati yake hudumu, na mhunzi hukuruhusu uligonge jembe kwenye jiwe kabla ya kulipa. Likivunjika mwaka wa kwanza, nyumba yake unaijua, naye anajua kwamba unaijua.

Napendekeza basi jambo dogo kwa jumuiya zetu. Msimu A unakuja na mvua za Septemba. Mbegu ya vitunguu juu ya kitambaa kibichi huhitaji siku saba hadi kumi ili ionyeshe ilivyo. Anayenunua siku ya mvua ya kwanza hana tena nafasi ya kuipima, wala ya kurudi dukani, wala ya kumwambia mtu kwa wakati. Tununue mwanzoni mwa Agosti, kijiko kimoja tu kwa kila nyumba na kila mmoja kwa muuzaji tofauti. Tuhesabu ishirini ishirini. Na Jumapili inayofuata, baada ya Misa, kila mmoja aseme hadharani amenunua wapi, kopo lilikuwa na tarehe gani, na zimeota ngapi, wakati wengine bado wana fedha zao mfukoni.